Sabuni ya Dole

Karani aliigeuza skrini ya kompyuta ili wajionee wenyewe, na Bi Dole akaliona dole gumba lake limejaa skrini nzima. Hakuhitaji miwani. Upande wa kushoto lilikuwa na kovu la mshazari lililoikata mistari katikati, na kovu hilo alilipata akikata sabuni huku ana mimba kubwa ya binti yake. Alifurahi. Kwa kitambo kidogo alifurahi kweli, akamgusa mumewe kwa kiwiko.

"Baba, tazama! Kumbe wameshaliweka."

"Limeshawekwa, mama," karani alisema kwa upole. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliyewaamkia kabla hawajakaa. "Ndiyo shida yenyewe hiyo. Alama hii imeshasajiliwa. Ina mwenyewe."

"Mwenyewe si mimi hapa?"

Karani alimgeukia binti yao. Watu wa ofisini wana mtindo huo, wa kumtafuta mwenye shule katika familia ili wamwambie yeye habari mbaya. Na kweli binti ndiye aliyewaleta. Duka kubwa la mjini lilikubali kuipanga Sabuni ya Dole kwenye rafu zake kwa sharti moja, waje na cheti cha alama ya biashara, na binti hakuwapa wazazi wake raha mpaka walipovaa nguo za kutokea wakaja kupanga foleni. Sasa aliisogelea skrini, akasoma jina la kampuni lililoandikwa chini ya dole, akarudia kulisoma.

"Mama," alisema, "ni Bwana Jumla."

Bwana Jumla alikuwa mfanyabiashara wa bei ya jumla, na jina lilimganda tangu alipokuwa na duka la upana wa mlango. Yeye ndiye aliyekuwa akiichukua sabuni yao na kuipeleka miji ya mbali. Alimwita Bi Dole dada. Mama yake Bi Dole alipofariki, Bwana Jumla alishika jeneza upande wa mbele.

"Labda ametuandikishia," Bi Dole alisema. "Anajua sisi mambo haya hatuyawezi."

"Angeandika jina lenu, mama," karani alisema. "Ameandika la kampuni yake. Na tangazo lilitolewa gazetini, mwenye pingamizi ajitokeze. Hakujitokeza mtu, muda ukapita."

"Gazeti gani hilo?" mumewe aliuliza.

"Gazeti la Serikali, mzee."

"Linauzwa wapi?"

"Kusema kweli, mzee, mimi mwenyewe sijawahi kuliona likiuzwa."

Mume wa Bi Dole alikuwa mtengeneza mihuri. Watu walimwita Fundi Mihuri, na meza yake ilikuwa nje kwenye baraza ya jengo hilohilo, karibu na ngazi. Mihuri iliyokuwa mbele ya karani ilikuwa kazi ya mikono yake. Aliitambua kwa vishikio. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akiwauzia watu mihuri wakaingie nayo ndani, na haikumpitia akilini kwamba kuna siku na yeye angepaswa kuingia kwa ajili ya mkewe. Simcheki. Ukikaa mlangoni muda mrefu unaona kama umeshaingia.

"Iliyobaki ni kuomba usajili ufutwe," karani alisema, akiandika kitu kwenye kipande cha karatasi. "Mje na ushahidi kwamba mlianza kuitumia nyinyi. Kitu cha kushika mkononi, mzee. Maneno matupu hayatawasaidia."

*

Dole lenyewe halikuanza kama alama. Lilianza kama kipimo. Bi Dole alipikia sabuni uani, mafuta na kostiki, magadi makali yanayochoma, ndani ya pipa, akaimimina kwenye visanduku vya mbao, na ili ajue kama imeshika aliibonyeza kwa dole gumba. Ikiacha shimo bila kunata, anaikata. Wanunuzi wakalizoea lile shimo. Wakawa wanairudisha miche isiyo nalo, wakidai si yenyewe, mpaka akalazimika kubonyeza kila mche hata usiohitaji kupimwa. Ndipo na jina lake la kuzaliwa likasahaulika, akawa Bi Dole.

Biashara ilipokua, dole likavimba, likawa linamliza. Mumewe alimhurumia. Alichukua chapa ya lile dole kwenye jasi, akakandamizia humo mpira wa moto wa mihuri, akampa mkewe dole la pili lisilojua maumivu. Na kwa kuwa Bwana Jumla alilalamika kwamba sabuni ikisafiri mbali shimo linafutika na wateja wanagoma, Fundi Mihuri akamtengenezea na yeye la kwake. Hakumwandikisha chochote. Mtu anayekula kwako na kuzika nawe utamwambiaje atie sahihi? Isitoshe, katika kazi yake kuna desturi, fundi hamwulizi mteja muhuri anakwenda kuugonga wapi. Anayeuliza hukosa wateja.

Kutoka ofisini walikwenda moja kwa moja kwa Bwana Jumla. Walimkuta ghalani, kati ya makatoni yaliyofika darini, na kila katoni lilikuwa na picha ya dole.

"Dada yangu! Shemeji! Mbona hamkunipigia simu niwafuate?" Akaagiza viti, akaagiza soda. Binti aliikataa. Bi Dole aliipokea, kwa sababu kukataa soda ya mtu ni kutangaza ugomvi, na yeye hakuja kugombana.

"Mdogo wangu," alianza, "tumetoka ofisi ya alama. Tumekuta dole langu limeandikwa kwa jina lako."

"La kampuni, dada. Si jina langu, la kampuni. Na tumshukuru Mungu niliwahi. Matapeli wamejaa! Wangelichukua wengine, leo mngekuwa mnalia."

"Basi liandikwe kwa jina la mama," binti alisema.

Bwana Jumla alimtazama kwa mapenzi. "Wewe mwanangu umesoma, utanielewa. Kampuni ina wabia. Hii alama nimeiweka dhamana benki nikapata mashine. Leo nikawaambie benki kwamba dhamana nimeirudisha kwa dada yangu, watanielewa?"

Fundi Mihuri alikuwa hajagusa soda yake. "Lile dole nilikupa kwa mkono wangu," alisema.

"Ndiyo, shemeji. Ulinipa." Alilisema kwa shukrani ya kweli, na hapo ndipo Fundi Mihuri alipoinamisha kichwa.

Bi Dole alichomoa mche kwenye katoni lililokuwa wazi. Aliunusa. Kisha akafanya wanavyofanya wapika sabuni wote, akaugusisha kwenye ncha ya ulimi, na ulimi ukamruka.

"Hii haijaiva," alisema. "Kostiki imezidi. Inauma."

"Mashine mpya, dada. Mashine haina ulimi." Wapakizi waliokuwa karibu walicheka.

"Itachoma watoto."

"Hao wanunuzi wanatafuta dole, dada. Wakiliona wanatulia." Alishusha sauti, kama anayempa mgonjwa habari. "Nyinyi endeleeni kupika, sina neno. Ila msitie dole. Wakaguzi siku hizi hawana simile, na mimi sitapenda kuona dada yangu anaaibika sokoni."

Aliwasindikiza mpaka nje, na wakati wa kuagana akampa shemeji yake katoni zima la sabuni, ya kufulia. Fundi Mihuri alikuwa ameshalipokea kabla akili yake haijafika. Alilibeba njia nzima, bintiye akitembea mbele kwa hasira, na hakuna kati yao aliyejua litupwe wapi.

*

Bi Dole hakuacha kutia dole. Si kwa ubishi. Alisema tu kwamba sabuni isiyobonyezwa hajui kama imeshika. Wakaguzi walifika sokoni asubuhi, wakiongozana na vijana wa Bwana Jumla, wakaipakia sabuni yake yote kwenye gari. Walichukua na lile dole la mpira, wakaliandika kifaa cha kughushia.

"Baba, hebu ngoja," Bi Dole alimwambia mkaguzi. Alichukua mche mmoja, akalipachika dole lake kwenye shimo, likaingia sawasawa. "Si unaona? Ni langu."

"Mama, usinichekeshe kazini," mkaguzi alisema. "Hata la kwangu linaingia." Akalipachika la kwake, na kweli likaingia. Wanawake wa meza za jirani waligeuza nyuso wakawa wanapanga nyanya zilizokwisha kupangwa.

Ikabaki kutafuta ushahidi. Binti alisema wapate sabuni ya zamani, ya kabla Bwana Jumla hajawa na kampuni, yenye dole la mama yake wazi. Lilionekana jambo jepesi mpaka walipoanza kugonga milango. Bi Dole alikuwa ameiosha mitaa mitatu mizima, lakini sabuni, ikiwa nzuri, inaisha. Iliyokuwa yake yote ilikuwa imeshapita kwenye mifereji. Risiti hakuwahi kuandika. Ile jasi mumewe aliyochukulia chapa ilivunjika zamani, akaitupa pamoja na vifusi.

"Sabuni ya miaka ile?" jirani mmoja alishangaa. "Bi Dole, nikiwa nayo mpaka leo si utasema sijaoga?"

Walicheka wote, na Bi Dole alicheka pia, kisha akajifuta macho na kugonga mlango uliofuata.

Aliyewaokoa, au walivyodhani wakati huo, alikuwa mkunga mstaafu wa mtaa wa nyuma. Mkunga alikuwa na sanduku la nguo za kutokea, na kati ya shuka zake, kama wafanyavyo wengi, aliweka mche wa sabuni ili nguo zinukie. Mche ule ulitoka umenyauka na kuwa manjano, umepasuka pembeni. Katikati lilikuwepo shimo, na ndani ya shimo mistari, na katika mistari kovu.

"Niliuweka mwaka alioolewa kitindamimba wangu," mkunga alisema. "Nakuazima tu. Unirudishie, nguo zangu zisije zikanuka mende."

Bi Dole alimkumbatia mpaka mkunga akaomba apewe nafasi ya kupumua. Aliufunga mche katika leso safi, na kwa siku zote walizosubiri kuitwa, aliuhifadhi mahali alipozoea kuhifadhi dhahabu yake alipokuwa nayo.

*

Aliyesikiliza shauri alikuwa naibu msajili, mwanamke mwenye miwani na macho yaliyochoka. Bwana Jumla hakuja. Alimtuma wakili, mtu mzima mwenye suti na heshima, aliyewaamkia wazee wa watu vizuri na kumvutia Bi Dole kiti. Bi Dole alifungua leso mbele yao, akauweka mche mezani.

"Mama," wakili alisema, "sabuni hii ina tarehe?"

"Sabuni haina tarehe. Ina mpishi."

"Iliwekwa lini sandukuni?"

Mkunga alisimama. "Mwaka alioolewa kitindamimba wangu."

"Mwaka gani huo, bibi?"

"Mwaka wa mvua zile kubwa," mkunga alijibu, na watu wawili waliokuwa nyuma wakacheka. Mkunga akaketi, akavuta mtandio wake. Alikuwa amezalisha nusu ya mji, na hakuzoea kuchekwa.

Naibu msajili alivua miwani. Ilionekana wazi alitaka kusaidia. "Tusipotezeane muda," alisema. "Mama anasema dole ni lake. Tulilinganishe basi. Leteni wino."

Moyo wa Bi Dole ulitulia. Hilo ndilo alilokuwa akilingoja tangu siku ya kwanza, mtu amwambie alete dole. Alilibonyeza kwenye wino, akalibonyeza kwenye karatasi, akaliinua. Palibaki doa jeusi, la mviringo, tupu.

"Wino umezidi," binti alisema haraka. "Mama, futa, urudie."

Alifuta, akarudia. Alirudia tena kwa wino kidogo, kisha kwa kulibingirisha taratibu kama alivyoelekezwa na karani. Doa lilikuja lilelile. Kostiki ilikuwa imeila ngozi yake mwaka baada ya mwaka, ikaota, ikaliwa tena, na mistari ikaisha bila yeye kuona, maana nani hukaa akakagua dole lake? Hata kovu lilikuwa limemezwa na sugu. Bi Dole aligeuza mkono kuelekea dirishani, akalitazama dole kwenye mwanga. Lilikuwa laini kama kijiko.

Wakili alifungua mkoba wake akatoa dole la mpira. Aliligonga kwenye wino, akaligonga kwenye karatasi ileile, pembeni mwa yale madoa. Mistari ikatokea yote, kovu likatokea mshazari. Kisha akausogeza ule mche wa mkunga karibu na karatasi, mistari ikawa ileile ya dole la mpira.

"Hilo nimelitengeneza mimi!" Fundi Mihuri alikuwa amesimama. "Nimelitoa kwenye dole la mke wangu, kwa jasi, mkono huu!"

"Ulimtengenezea nani, mzee?"

"Bwana Jumla."

"Alikuibia?"

Fundi Mihuri alimtazama mkewe. Alikuwa mtu asiyejua kusema uongo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao Bi Dole aliomba moyoni mumewe adanganye.

"Hapana," alisema. "Nilimpa."

"Asante, mzee. Sina swali jingine."

Naibu msajili aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza kuwasomea kwamba ombi limekataliwa, na kwamba wana haki ya kwenda mahakamani, alimwita Bi Dole pembeni. "Mama, mimi nakuamini," alinong'ona. "Lakini nikiandika nakuamini, mahakama itaufuta uamuzi wangu kesho asubuhi. Pole sana." Bi Dole alimwambia asante. Mlangoni alimrudishia mkunga mche wake, umefungwa vizuri kwenye leso.

*

Mahakama ilitaka wakili, na wakili wa kwanza waliyemwendea alitaja bei iliyomfanya binti aage bila kukaa. Biashara ya sabuni tupu nayo haikusimama. Wateja waliigeuza huku na huku, wakalitafuta shimo, wakairudisha mezani. Wengine walimshauri kwa wema aache kuuza vitu bandia, umri wake haufanani na mambo hayo. Duka kubwa likaipanga Sabuni ya Dole kwenye rafu zake, ile ya Bwana Jumla. Fundi Mihuri alihamisha meza yake kutoka kwenye ile baraza, akaipeleka mtaa ambao hauna ofisi, na jioni akawa anarudi na yaleyale aliyotoka nayo. Mkewe hakumlaumu hata siku moja. Afadhali angemlaumu, maana mume alikuwa akiingia ndani kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Mama mmoja kijana alifika mchana, wote watatu wakiwa uani. Hawakumjua. Alikuwa na mtoto mchanga begani na mche wa sabuni mkononi, na nyuma yake walikuja majirani aliowauliza njia, maana sauti yake ilikuwa imeshawaambia kuna jambo.

"Bi Dole ndiye nani hapa?"

"Ni mimi, mwanangu. Karibu."

Hakukaribia. Alifunua khanga iliyomfunika mtoto. Shingoni, makwapani na kwenye mapaja ngozi ilikuwa imetoka, pamebaki pekundu, na mtoto alilia kwa kilio cha chini, cha aliyeshalia sana.

"Mama yangu aliniogesha mimi kwa sabuni hii," alisema. "Nikasema na mimi nimwogeshe wangu. Mmemtilia nini mwanangu?"

"Dada, si yetu!" Binti aliinuka mbio. "Hiyo ni ya kampuni. Alama walituchukulia, tulikwenda mpaka kwa msajili, uamuzi upo, nikuletee uusome—"

"Mimi sikuja kusoma." Aliunyoosha mche mbele ya uso wa Bi Dole. "Nataka aniambie yeye. Hili si dole lake?"

Bi Dole aliupokea mche. Dole lilikuwa limetua katikati, zuri, mistari imejipanga yote hadi juu, kovu likipita kati. Hakuwa ameliona kwa ukaribu tangu siku ya shauri.

"Mama, mwambie," binti alisema. "Mwambie walichoamua."

Ni kweli, angeweza kumwambia. Uamuzi ulikuwepo ndani, una muhuri, ungemtoa kwenye aibu hii mbele ya mtaa mzima. Fundi Mihuri alikuwa amesimama kando ya pipa, akimtazama mkewe, macho yamemjaa maji. Bi Dole aliyatazama mapaja ya mtoto, akajaribu kuyatafuta maneno ya kusema kwamba dole hilo halimhusu. Hayakuja.

"Ni langu," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Alinyoosha mikono ampokee mtoto, amwoshe kwa maji safi, ampake mafuta. Yule mama alirudi nyuma, akamfunika mtoto wake, akamgeuzia upande mwingine ili mikono ile isimfikie.